Mseto wa Parachichi: Safari ya Jina kutoka Meksiko hadi Kilosa na Mikumi

Parachichi si tunda la asili ya Afrika. Mti wake ulianza kupandwa na watu wa Meksiko na Amerika ya Kati maelfu ya miaka iliyopita, na kabla ya meli za Ulaya kuvuka Atlantiki mwishoni mwa karne ya 15, hapakuwa na mtu wa upande wetu wa dunia aliyepata kulionja. Leo mtu akishuka stendi ya Mikumi, kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia, hulikuta limepangwa mafungu mafungu kana kwamba lilikuwapo tangu enzi za mababu. Katika makala haya nataka kufuatilia jinsi tunda hili lilivyopata majina katika Kiswahili, na kuuliza swali moja ambalo wapenzi wa lugha hatuna budi kulijibu: chakula cha parachichi bichi lililopondwa, kile ambacho ulimwengu hukiita guacamole, tukikitengeneza nyumbani kwetu Kilosa au Mikumi, tukiite nani?

Tuanzie kwa wenyewe. Wanahua wa Meksiko, ambao miongoni mwao walikuwamo Waazteki, waliliita tunda hilo āhuacatl. Mchuzi au kiungo kilichosagwa walikiita mōlli. Walipoyaunga maneno hayo mawili walipata āhuacamōlli, yaani mchuzi wa parachichi. Hata kinu chao cha jiwe, kipana na chenye miguu mitatu, kilibeba jina la kazi yake: mōlcaxitl, bakuli la mchuzi. Tazama jinsi lugha ile ilivyokuwa na uwazi. Hapakuwa na fumbo wala mbwembwe. Aliyesikia jina alijua kilichomo, na aliyeona chombo alijua kilichofanyika ndani yake.

Mwaka 1519 Mhispania Martín Fernández de Enciso alilieleza tunda hili katika kitabu chake cha jiografia, na hayo ndiyo maelezo ya kwanza ya Mzungu yaliyochapwa juu yake. Ulimi wa Kihispania haukuweza sauti ya mwisho ya āhuacatl, ukaigeuza kuwa aguacate, na āhuacamōlli ikawa guacamole. Wareno wakasema abacate. Waingereza nao walilisikia kupitia Kihispania, wakalikaribisha kwenye neno la zamani la Kihispania lenye maana ya wakili, na hivyo ndivyo avocado ilivyopatikana. Wafaransa mpaka leo husema avocat kwa tunda na avocat kwa wakili. Basi lile jina lililokuwa wazi kwa Wanahua likawa, kwa kupita vinywa vitatu, tunda lililovaa joho la mahakamani pasipo sababu.

Kwetu nako jina halikuwa moja. Watanzania wengi husema parachichi, na mti wake mparachichi. Zanzibar na pwani limepata kuitwa embe mafuta, na pia pea, mti wake mpea. Wakenya husema avokado. Mashariki ya Kongo, ambako shule na ofisi zilitumia Kifaransa, watu husema avoka. Mtu akitandaza majina haya juu ya ramani ataona historia ya utawala: palipokuwa na Mfaransa au Mbelgiji jina linaishia kwa sauti ya Kifaransa, palipokaa Mwingereza jina linaishia kwa sauti ya Kiingereza. Lakini ataona pia kitu kingine. Embe mafuta halikukopwa popote kama lilivyo. Ni jina lililotungwa na mtu aliyelitazama tunda geni, akalilinganisha na tunda alilolijua, akaeleza tofauti yake kwa neno moja: hili ni embe, ila lina mafuta. Huo ni utunzi. Mshairi anayetafuta sitiari hafanyi zaidi ya hapo.

Jina la pea lina kisa chake. Waingereza waliliita tunda hili kwa maneno mawili, la pili likiwa pear, jina la tunda la nchi zao za baridi. Neno hilo lilipoingia Kiswahili likawa pea. Lakini karne kadhaa kabla yao, Wareno walikuwa wamekwisha kutuletea neno pera, lenye maana ileile ya tunda lilelile la Ulaya, na sisi tukalipa tunda jingine kutoka Amerika, lile lenye mbegu nyingi ndogo ndani. Kwa hiyo jina la tunda moja la Ulaya, ambalo wengi wetu hatujawahi kulila, limeingia katika Kiswahili mara mbili kwa milango miwili, na mara zote mbili likabandikwa kwenye tunda la Amerika. Pera na pea ni ndugu wa damu waliolelewa nyumba tofauti. Tukiongeza mahindi, ambayo jina lake huelekeza Hindi ilhali asili yake ni Meksiko, tunapata funzo la kwanza: jina la chakula mara nyingi halisemi kilikotoka, bali husema nani alikuleta, au nani alidhaniwa kukuleta.

Sasa tusogee Kilosa. Nimeichagua wilaya hii kwa sababu ni njia panda ya maneno tangu zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilipita Usagara, na Kiswahili kilipita nayo. Milima ya Ukaguru ilimpata mmisionari Mwingereza J. T. Last, aliyekaa Mamboya. Mwaka 1885 alichapisha mkusanyo wa maneno 250 na sentensi katika lugha na lahaja 48 za Afrika Mashariki, na mwaka 1886 akatoa sarufi ya Kikaguru. Kwa hiyo wakati wengine walikuwa wakihesabu pembe na vitambaa, palikuwa na mtu milimani humo aliyekuwa akihesabu viambishi.

Na palikuwa na mwingine aliyehesabu ardhi. Novemba 1884 Karl Peters alifika Usagara akiwa na karatasi zilizoandikwa kwa Kijerumani. Huko Msowero, katika Kilosa ya leo, alipata alama ya Mangungo kwenye hati iliyosema kwamba mtawala huyo ameitoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, kwa chama cha Wajerumani kilichomtuma Peters. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikazipokea hati hizo na zile za jirani zake kama msingi wa himaya yake. Kila mtoto wa shule Tanzania amelisikia jina la Mangungo, na mara nyingi husimuliwa kwa kicheko, kama mtu aliyedanganyika kirahisi. Mimi sicheki. Mtu aliyewekewa mbele yake maneno ya lugha asiyoijua, yakafasiriwa na mkalimani wa mwenye karatasi, hakushindwa kwa ujinga. Alishindwa kwa kukosa maneno yake mwenyewe ndani ya hati. Nitairudia nukta hii hapo chini, kwa maana inahusu parachichi kuliko inavyodhaniwa.

Wajerumani walipokaa walileta miche na reli. Mwaka 1902 walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, Usambara, kilichojaribu mimea mingi ya nchi za nje. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikaingia Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na kwingineko yakaita vibarua kutoka pande nyingi za nchi, na kambi zao zikawa shule za Kiswahili zisizo na mwalimu. Baadaye tawi la reli likateremka kutoka Kilosa, likapita Mikumi hadi Kidatu kwenye miwa. Mwaka 1964 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyochukua jina la mikumi, ile mitende mirefu ambayo watu wa pwani huiita mivumo. Na tangu 2024 treni ya umeme inapita Kilosa kwenda Dodoma, ikipenya milima kwa mahandaki.

Ndiyo maana Mikumi ni mahali pa kufaa kwa mapishi haya. Mji wenyewe uko chini, karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na jua lake ni kali. Lakini barabara huleta kila kitu. Vitunguu huteremka kutoka Ruaha Mbuyuni, nyanya kutoka Ilula, maparachichi kutoka nyanda za juu za Iringa na Njombe au kutoka miinuko ya Morogoro yenyewe. Ndimu na pilipili zipo jirani. Vyote vikikutana katika kapu moja, kilichobaki ni kazi ya mikono na, kwa sisi wapenzi wa lugha, kazi ya vitenzi.

Nasema vitenzi kwa makusudi, kwa sababu hapa Kiswahili ni tajiri kuliko lugha nyingi ambazo mapishi haya yameandikwa kwazo. Chukua kwanza tofauti ya kukomaa na kuiva. Parachichi hukomaa mtini, lakini haliivi mtini. Huanza kuiva baada ya kuchumwa tu. Ni tabia adimu miongoni mwa matunda, nasi tuna vitenzi viwili vilivyokuwa vikiisubiri. Ukinunua parachichi gumu lililokomaa, unalivundika: unalifunika kwenye karatasi au kwenye pumba pamoja na ndizi mbivu, nayo hewa itokayo kwenye ndizi hulihimiza liive. Kitenzi kuvundika kinabeba ndani yake ujuzi wote huo, na bibi zetu walikitumia kwa ndizi na maembe kabla ya maabara yoyote kuipa hewa ile jina.

Likiiva, bonyeza taratibu karibu na kikonyo. Likibonyea bila kuzama kidole, liko tayari. Pasua kwa urefu ukizunguka kokwa, pindua vipande viwili kwa kuelekeza huku na huku, toa kokwa, kisha chota nyama kwa kijiko. Kwa maparachichi matatu ya kiasi, katakata kitunguu kimoja kidogo na pilipili moja, ukamue ndimu moja, utie chumvi. Nyanya moja iliyotolewa maji ya ndani inafaa, ingawa si lazima. Tia pia majani ya giligilani, ambayo wengine huyaita kotimiri na wengine dania. Majina hayo matatu ya jani moja ni makala nyingine.

Ndipo tunafika kwenye tendo lenyewe. Je, tunatwanga? Hapana, kutwanga ni kazi ya kinu kirefu na mchi, kuondoa maganda ya nafaka au kuivunja iwe unga. Je, tunasaga? Wanahua walisaga, lakini walichosaga hasa ni pilipili na chumvi jiweni, kabla ya parachichi kuingia. Kusaga hulainisha kitu hadi kipoteze umbo, na mseto huu hautaki ulaini wa dawa ya meno. Tunaponda, ndiyo, lakini kuponda kunaweza kuwa kwa nguvu na kwa hasira, kama mtu apondavyo kokoto. Kitenzi kilicho sahihi kabisa ni kuseta: kubonyeza kitu laini hadi kivunjike, huku vipande vingine vikibaki. Anza kwa kutwanga taratibu pilipili, chumvi na kitunguu kidogo kwenye kinu cha viungo, kile kidogo cha jikoni, hadi vitoe maji yake. Kisha tia parachichi na ulisete kwa mchi au kwa uma. Mwisho changanya vilivyobaki kwa mwiko, ukigeuza bila kuvuruga.

Ndimu haitiwi kwa ajili ya ladha peke yake. Parachichi likipasuliwa hubadilika rangi likawa la kahawia, kwa kuwa kimeng'enya kilichomo ndani yake hukutana na hewa. Uchachu hukipunguzia nguvu. Wako wanaoamini kwamba kokwa likiachwa ndani ya bakuli huzuia kubadilika huko. Ukweli ni kwamba kokwa hulinda pale lilipofunika tu, kama sahani inavyolinda kipande cha meza kisipate vumbi. Afadhali kufunika uso wote wa chakula kwa jani la mgomba lililobanwa vizuri, au kula mara moja. Joto la Mikumi halimpendelei anayeahirisha.

Sasa jina. Kwenye hoteli zinazopokea watalii wa mbugani, neno guacamole huandikwa kama lilivyo. Sina ugomvi nalo hapo: mgeni anatafuta anachokijua. Lakini nyumbani? Baadhi yetu husema kachumbari ya parachichi. Ni jina zuri, na kachumbari lenyewe ni mkopo kutoka lugha za Bara Hindi, kwa hiyo anayelitumia hawezi kutuhumiwa kuogopa maneno ya kigeni. Kasoro yake ni kwamba kachumbari hukatwa, haisetwi. Rojo la parachichi linaeleza uzito wake, lakini linaficha vipande. Chachandu ya parachichi inaelekeza ukali wa pilipili na jinsi kinavyoliwa pembeni mwa chakula kingine, lakini haimtaji mpishi.

Mimi napendekeza mseto wa parachichi. Neno mseto limetokana na kitenzi kilekile, kuseta. Maana yake ya jikoni ni wali na choroko vilivyopikwa pamoja na kusetwa. Kutoka hapo lilipanuka likawa na maana ya mchanganyiko wowote, hata tukapata dawa mseto hospitalini na serikali ya mseto bungeni. Wengi wanaosema serikali ya mseto hawajui kwamba wanazungumzia sufuria. Chakula hiki kinastahili maana zote mbili kwa wakati mmoja: kimesetwa, na kimechanganywa. Tena kinafanana na mantiki ya Wanahua wenyewe, waliotaja tunda na namna ya kulitayarisha, basi. Tukisema mseto wa parachichi tumefasiri āhuacamōlli kwa uaminifu zaidi kuliko Mhispania aliyelinakili kwa sauti tu.

Huenda msomaji akauliza kama jambo hili lina uzito wowote. Lugha haifi kwa sababu ya bakuli moja. Nakubali. Lakini parachichi si bakuli tena, ni mkataba. Mwaka 1935 mtu mmoja wa California, Rudolph Hass, mfanyakazi wa posta, alipata hataza ya mparachichi ulioota shambani kwake, na aina hiyo yenye ganda la vipele, linalogeuka jeusi likiiva, ndiyo inayotawala masoko ya dunia. Wakulima wa Njombe, Iringa, Mbeya na Kilimanjaro wameipanda kwa wingi. Novemba 2022 Tanzania na China zilitia saini makubaliano ya kuuza maparachichi yetu huko. Malori yanayopeleka maparachichi ya nyanda za juu bandarini hupita Mikumi.

Katika biashara hiyo tofauti ya kukomaa na kuiva ni fedha. Tunda la kusafirishwa ng'ambo lazima lichumwe likiwa limekomaa na bado halijaiva. Likichumwa kabla ya kukomaa litanyauka, halitaiva kamwe. Likiwa limeiva halitamaliza safari. Mwandishi wa hati asiyejali, anayefasiri neno la Kiingereza kwa haraka, anaweza kuandika matunda yaliyoiva pale panapotakiwa yaliyokomaa, na kwa kosa hilo la kitenzi kimoja mkulima akakataliwa mzigo wake wote, hati mkononi, haki upande wa pili. Mkataba wa kilimo unaoandikwa kwa lugha asiyoisoma mwenye shamba, au kwa Kiswahili kisichojua vitenzi vya shambani, ni karatasi ya Msowero iliyopigwa chapa upya. Tofauti ni kwamba safari hii maneno tunayo. Kikonyo, kokwa, kukomaa, kuiva, kuvundika, kuseta: yote yapo, yanatumika sokoni na jikoni kila siku, na hakuna aliyehitaji kuyaunda kikaoni.

Kinachokosekana ni kuyaandika. Kamusi zetu hueleza parachichi kuwa ni tunda la mparachichi, na mparachichi kuwa ni mti uzaao maparachichi, kisha mlango hufungwa. Washairi tumezoea kuyasaka maneno ya kale kwenye tenzi za pwani, na ni vyema. Lakini kuna msamiati mwingine hai, ulio kwenye mafungu ya matunda kando ya barabara, kwenye vituo vya reli, na midomoni mwa akina mama wa Kilosa wanaoweza kukwambia kwa neno moja kama tunda limekomaa, limeiva, limevundikwa au limevia. Naomba kila asomaye makala haya akusanye vitenzi vitano vya namna hiyo kutoka kwao, aviandike pamoja na maana zake kama zinavyosemwa huko, kisha avitumie katika beti zake kabla ya mtu mwingine kuviingiza katika hati bila kuvielewa.